Uso wa Lutek Juu ya Jumba la Baraza

Podgaje, 4 Septemba 1957

Mwanangu Kajetan,

Tumsifu Yesu Kristo, nawe itika hata kama uko juu ya hilo jukwaa lako la ujenzi. Barua yako ilifika Jumatatu. Bwana Ćwik wa posta aliileta huku mbwa akimng'ang'ania suruali, akaniambia, "Mama Surma, mwanao ana mwandiko wa mtu anayeandika juu ya farasi." Nikamwambia afadhali farasi, farasi ana miguu minne chini. Wewe umeniandikia kwamba unafanya kazi juu kuliko madirisha ya orofa ya pili na kwamba upepo wa huko si mbaya. Upepo gani si mbaya, baba? Tangu Jumatatu mti ukitikisika tu mimi nainuka kitini.

Nimefurahi umepata kazi, usije ukasema mama ni wa kulalamika tu. Ulianza na misalaba ya makaburini, leo wamekuita kutengeneza jumba la baraza la mji mzima. Nimemwambia Padri Wincenty, nimewaambia wote dukani. Mchumba wako Otylia alikuwa anapima sukari, akatabasamu mpaka sukari ikamwagika. Halafu mwanamke mmoja akaniuliza, "Jumba la baraza ndiyo nini, ofisi?" Nikashindwa. Nikasema ni nyumba kubwa ya watu wanaogombana. Nieleze vizuri nisiaibike tena, mimi shule niliishia pale ng'ombe walipohitaji mtu wa kuwachunga.

Unakula? Usiniandikie "nakula". Niandikie unakula nini.

Habari ya hapa ni moja. Mume wa Michalina wa kule kinuni amerudi. Ndiyo, yuleyule. Miaka yote tumedhani amefia kambini huko mashariki, juzi akashuka kwenye treni na kifurushi kimoja. Michalina alikuwa anachimba viazi. Akamrushia kikapu chote, akamwambia, "Umechelewa chakula!" kisha akakaa chini kwenye matope akalia. Hana meno yule bwana, anaficha mkate mfukoni, lakini yupo, anatembea, anakohoa. Tangu siku hiyo situlii mahali pamoja. Nafua nguo zilizokwisha fuliwa. Unajua namfikiria nani, simtaji.

Shika jukwaa kwa mikono miwili.

Mama yako,
Genowefa


Wierzbisko, 12 Septemba 1957

Mama mpendwa,

Milele amina, nimeitika nikiwa chini. Nakula hivi: asubuhi mkate, mafuta ya nguruwe na kitunguu. Mchana supu ya kabichi kwenye kantini ya wajenzi. Jioni viazi. Nimeeleza kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Yule mwanamke wa dukani mwambie hivi. Jumba la baraza ndipo mji ulipojitawala. Juu walikaa madiwani wakihukumu, chini walipima nta na vitambaa, na chini kabisa, kwenye shimo lenye dari la matao, walifungia walevi. La kwetu limesimama peke yake katikati ya uwanja wa soko, kama bibi aliyekuja kununua kitu akakisahau. Zamani lilikuwa na paa refu la vibao. Siku moja mji wote ukaungua, maana moto uliruka kutoka paa hadi paa. Madiwani wakamwita mwashi Mtaliano aliyekuwa amevuka milima kutafuta kazi. Akawaambia, paa lizamisheni ndani, mlizungushie ukuta mrefu, moto ukija upigane na ukuta. Ndivyo alivyojenga. Ukisimama chini huoni paa hata kidogo. Unaona ukuta uliokatwa juu kama taji, vijitao na vinguzo, na juu ya kila kinguzo kichwa cha mtu cha jiwe.

Hivyo vichwa ndiyo kazi yetu. Mama, vina sura za kutisha! Kimoja kimetoa ulimi, kingine kimevimba mashavu, kingine kimefumba jicho moja kama muuza farasi anayekudanganya. Watu wa hapa wanasema ni madiwani wenyewe. Walimchosha Mtaliano kwa kubadili mawazo kila wiki, naye akawaweka juu hadharani milele. Mpaka leo kuna familia zinazotambiana, yule mwenye pua ni babu yetu.

Wajerumani walipoondoka walilichoma. Mnara ulianguka na saa yake, na ukuta wa upande mmoja ulibaki kama ufizi wa mzee. Sasa tunalirudisha.

Mama, nina swali dogo, na usiniulize kwa nini. Lutek alipocheka, mdomo wake ulikwenda upande gani? Na lile sikio lake lililochomoza lilikuwa la kulia au la kushoto?

Mwanao,
Kajetan


Wierzbisko, 13 Septemba 1957

Otylia wangu,

Nakwambia wewe jambo ambalo mama hajui, nawe uniapie utanyamaza.

Vichwa vinne vya ule ukuta vilivunjika vibaya, na hakuna picha inayoonesha vilivyokuwa. Injinia Horodyski anasema tusijifanye tunajua. Tuchonge vipya kwa roho ya wale wa zamani, ambao kila mmoja alichonga mtu anayemfahamu. Nimepewa kimoja. Nimeamua kumweka kaka yangu.

Hana kaburi, Oti. Picha zote ziliungua na nyumba yetu ya kwanza. Warusi walipomtoa ghalani vuli ile ya mwaka 44 na kumpeleka kambini mashariki, yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi saba. Namkumbuka kanisani akinitolea ulimi nyuma ya mgongo wa padri ili nicheke nipigwe mimi. Naukumbuka ulimi. Uso hauji. Nimefinyanga udongo mara kadhaa, na kila mara anatokea mtu mwingine, mara nyingi ni mimi mwenyewe.

Ndiyo maana namuuliza mama kidogokidogo. Sitaki ajue mpaka kichwa kiwe juu. Injinia hajaidhinisha bado, na akikataa halafu mama awe anajua, itakuwa kama amechukuliwa mara ya pili.

Kajtek wako


Podgaje, 18 Septemba 1957

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama na mpaka sasa nimesimama, naandikia juu ya kabati.

Mdomo ulikwenda kushoto. Sikio ni la kulia, lilikuwa linapitisha jua kama jani la kabichi. Na jino la mbele lilimeguka ncha alipovunja kokwa la jozi kwa meno mbele ya wasichana. Nilimchapa kwa hilo. Nyusi zake zilikaribia kukutana, ukimwona unadhani ana hasira, kumbe anatafuta la kukutania. Nywele za nyuma zilikuwa zinazunguka kama maji yanayoingia shimoni. Kuna kingine unataka? Uliza chochote. Uliza hata cha mwilini, mimi ni mama, nakijua.

Umesema nisikuulize kwa nini, sikuulizi. Lakini mtu haulizi sikio la mtu bila sababu, Kajetan. Mume wa Michalina anasema huko walikokuwa wengine walisahau hata majina yao ya ukoo, wakapewa mengine. Anasema wanarudi mmojammoja na wanapelekwa popote penye kazi za ujenzi.

Hiyo habari ya Mtaliano nimeisimulia dukani na wameipenda. Mimi nimeona baba yako angemwambia paa ni la kuonekana, siyo la kuficha kama deni. Lakini sikuifikiria sana, nisamehe. Nilikuwa nalifikiria sikio.

Mama


Wierzbisko, 27 Septemba 1957

Mama mpendwa,

Usihangaike, tafadhali. Hakuna jambo baya. Ninachofanya nakifanya kwa ajili yako, ila siwezi kusema mpaka niwe na uhakika. Kuna mtu mmoja hapa lazima akubali kwanza, na karatasi zipite mkoani, na huko unajua wanavyokaa na karatasi kama kuku na mayai. Nivumilie. Kabla theluji haijashika utakuja hapa uone mwenyewe.

Umenisaidia sana. Sasa niambie pua. Ilikuwa kama yangu au kama ya baba? Na kile kishimo cha kidevuni alikuwa nacho?

Wiki hii tumefungua varanda ya matao ya chini iliyozibwa kwa matofali. Wakati wa vita iligeuzwa ghala. Tulipotoa tofali la mwisho upepo ukapita kutoka uwanjani ukatokea upande wa pili, na wazee waliokuwa wanatazama wakavua kofia. Mmoja akasema, "Sasa limeanza kupumua."

Kajetan


Podgaje, 5 Oktoba 1957

Mwanangu,

Pua ya baba yako. Kidevu kina shimo la kutia punje ya dengu.

Nimekuelewa. Sisemi zaidi ya hapo, maana barua hupita mikononi mwa watu, na karatasi za mkoani ni jambo la kuogopa, neno moja la kijinga la mama linaweza kuharibu. Nimenyamaza kama ukuta. Otylia tu ndiye aliyeniangalia vibaya leo, akaniambia, "Mama Surma, una homa? Mashavu yamewaka." Nikamwambia nimepika jamu ya plamu.

Nakutumia kifurushi. Jamu ni ya kula, usiigawe. Sweta ni mbili. Ya kijivu ni yako. Ile ya kahawia nimeifuma pana mabegani, maana mtu akifanya kazi miaka mingi ya nguvu hupanuka mabega hata akikonda kwingine. Hiyo ya kahawia ni ya mtu wa huko mwenye baridi. Wewe utajua wa kumpa. Usinijibu jina.

Nimehamisha cherehani kutoka chumba kidogo. Nimepaka chokaa mpya. Nimeacha kuandika mara mbili nikaenda mlangoni, hakuna mtu, ni mbwa tu.

Mama


Wierzbisko, 14 Oktoba 1957

Mama mpendwa,

Asante kwa kifurushi, asante kwa jamu, nimekula na kijiko nimekilamba. Ya kijivu imenikaa sawasawa. Ya kahawia ilikuwa kubwa kwangu, nikafanya kama ulivyosema. Nimempa mwenzangu wa chumbani. Amerudi kutoka mashariki mwezi wa tano, hana kitu zaidi ya koti la turubai. Alipoivaa aligeukia ukutani akakaa hivyo. Baadaye akaniambia, "Mwambie mama Mungu amlipe." Mikono inamtetemeka akishika kikombe, lakini akishika koleo la chokaa inatulia kabisa.

Na habari kubwa zaidi: leo amekubali! Yule niliyekwambia. Alitazama, akazunguka, akatazama tena, akasema, "Huyu anafaa, mwache." Nimeshindwa kula kwa furaha. Bado kuna kazi kidogo ya kumalizia, kisha nitakuita.

Kajetan


Podgaje, 24 Oktoba 1957

Mwanangu Kajetan, mtoto wangu mwema,

Tumsifu, tumsifu, tumsifu Yesu Kristo.

"Mwambie mama." Siyo "mwambie mama yako." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Na kwamba aligeukia ukutani, hivyohivyo alikuwa tangu mdogo, akitaka kulia anatafuta ukuta.

Sitakuuliza kwa nini haandiki mwenyewe. Mikono inatetemeka, umeshaniambia. Labda pia anaona haya. Mwambie hakuna cha kuonea haya. Mwambie nilimsamehe lile jino.

Nimefanya jambo moja na nakuambia ili usilisikie kwa watu. Unajua kila Novemba tunampa padri kikaratasi cha majina ya marehemu wetu asome kanisani. Mimi kila mwaka huandika baba yako, babu, bibi, na Lutek wa mwisho, kwa jina lake la ubatizo, Lucjan. Safari hii nilimpelekea Padri Wincenty majina pungufu. Akavaa miwani.

"Mama Surma, umemsahau Lucjan."

"Sijamsahau, padri. Usimsome."

"Kuna nini?"

"Hasomwi mtu aliye hai."

Akavua miwani. "Umepata barua?"

"Nimepata zaidi ya barua."

Akanishika bega, akasema tuwe waangalifu, Shirika la Msalaba Mwekundu halijathibitisha kitu. Nikamwambia Msalaba Mwekundu hawakumzaa.

Bata yule mkubwa namlisha mahindi. Nasubiri neno lako, lakini nakuambia ukweli, miguu yangu haisubiri vizuri.

Mama yenu


Podgaje, 4 Novemba 1957

Kajtek,

Umefanya nini?

Uliniapisha, nikanyamaza, sasa naona haya kutembea. Jumamosi kanisa lilijaa hadi nje. Padri alisoma majina ya ukoo wa Surma. Józef, Wawrzyniec, Rozalia, halafu akaenda ukoo mwingine. Kila mtu alikuwa anamngoja Lutek, wamemzoea mahali pake. Vichwa vyote viligeuka. Mama yako alikuwa ameinua uso, anatabasamu, kwenye misa ya wafu!

Nje Michalina akamkumbatia akapiga kelele, "Na wako pia? Na wako pia?" Mama akaweka tu kidole mdomoni. Basi, kijiji kizima kimeshajua. Wanawake wanamletea mayai. Mzee Kukuła akasema kwa sauti, "Atarudi na mke wa Kirusi na watoto watatu, ndipo utakapolia, Genowefa." Akamjibu, "Alete hata sita, wewe utawafundisha ulevi."

Nilimfuata nyumbani nimwambie. Naapa nilifungua mdomo. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Najua na wewe unajua, mwanangu. Usiseme. Tusimharibie karatasi zake." Kile chumba kidogo kimepakwa chokaa. Kitanda kimetandikwa. Nilishindwa, Kajtek. Nilimsaidia kukunja blanketi.

Nilizisoma barua zako, alinionesha mwenyewe. Hukuandika uongo hata mmoja, na kila neno limemdanganya. Mwandikie leo hii. Usipoandika wewe, nitamwambia mimi, na sitakusamehe kwamba ilikuwa mimi.

Otylia


Wierzbisko, 6 Novemba 1957

Mama,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Sijampata Lutek. Sijamwona wala sijasikia habari zake. Ninachonga kichwa cha jiwe cha kuwekwa juu ya jumba la baraza na nilitaka kiwe na uso wake. Aliyekubali ni Injinia, na karatasi za mkoani ni za michoro. Mwenzangu mwenye sweta anaitwa Bazyli, kwao ni mbali na kwetu, na mama yake alikufa zamani.

Nilitaka uje siku moja uinue macho umwone. Nilidhani ni zawadi. Sikufikiria kwamba kwako hakuna kitu kinachoitwa swali dogo kuhusu Lutek.

Nipige ukitaka. Nitakuja Jumapili ya kwanza nikipewa ruhusa, nipige ana kwa ana.

Kajetan


SIMU YA MAANDISHI
Podgaje, 9 Novemba 1957, kwa Kajetan Surma, jumba la baraza, Wierzbisko

MAMA AMEONDOKA JANA ALFAJIRI KUJA KWAKO. BARUA YAKO IMEFIKA BAADA YAKE. NENDA STESHENI. OTYLIA


Wierzbisko, 11 Novemba 1957

Oti,

Simu yako nilipewa na karani wa ofisi baada ya saa sita mchana. Mama alikuwa ameshafika.

Sikuwepo uwanjani, nilikuwa juu napima kinguzo. Nilisikia jina likiitwa chini. Siyo langu. "Lutek! Lutek!" Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na miaka saba. Nilichungulia nikaona kila kitu, na kutoka kule juu mtu haonekani uso, anaonekana nywele na mabega tu. Bazyli alikuwa kwenye varanda ya matao, ameinamia beseni la chokaa, amelipa soko mgongo, amevaa ile sweta ya kahawia. Mama alitupa kapu, akatupa mto aliofunga kwa kamba, akakimbia katikati ya soko na sketi zake zote. Akamkumbatia kwa nyuma.

Mpaka niliposhuka ngazi zote walikuwa bado wamesimama vilevile. Bazyli hakugeuka. Amenieleza baadaye kwamba alishajua ni mama wa nani, na alijua akigeuka tu itakwisha, basi akaona amwache kidogo. Mikono yake ya chokaa alikuwa ameinyoosha pembeni asimchafue.

Halafu akageuka.

Mama alimtazama. Akasema, "Samahani baba, umekonda," akamfunga kifungo cha shingo. Kisha akaniona mimi. Nilimwambia palepale, mbele ya wapiga lipu na wauza vitunguu. Sikumbuki maneno niliyotumia. Hakulia. Akakaa juu ya gunia, akauliza, "Kiko wapi hicho kichwa?"

Nikampeleka karakana. Nilikitoa kitambaa. Alikaa nacho muda mrefu. Alikipapasa sikio, akaingiza kidole pale penye jino. Nikamwuliza, "Mama, ni yeye?" Hakujibu. Injinia Horodyski aliingia bila kujua lolote, akavua kofia, akamweleza kwa adabu kwamba bado wanachagua, kuna nafasi moja inayotazama soko na nyingine inayotazama barabara ya stesheni. Mama akamsikiliza kama mtu anayesikiliza daktari. Kisha akaniambia, "Nipeleke kwenye treni."

Hakula. Hakutaka chai. Bata aliyekuja naye kapuni amemwachia Bazyli. Dirishani nilimwambia, "Mama, sema neno moja," na treni ikaondoka.

Vichwa vinapandishwa tarehe ishirini na tano. Kikishapandishwa kitakaa huko muda mrefu kuliko sisi sote. Nyundo ninayo. Ikiwa kitamuumiza kila atakaposikia jina la mji huu, nitakivunja na nitachonga diwani yeyote mwenye pua. Mwulize. Mimi hanijibu.

Kajtek


Podgaje, 17 Novemba 1957

Mwanangu Kajetan,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilifika salama. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nagombana nawe, na nilitaka nimalize kwanza. Nimekugombeza jikoni, zizini, na mtoni nikifua. Kuku wameshajua makosa yako yote. Sasa nimebakiwa na machache, hayo nitakupa mdomoni ukija.

Bazyli mwambie sweta asiivue. Wengine wangenisukuma, au wangegeuka upesi ili waonekane wakweli. Yeye alisimama. Nilimshika nikasikia moyo wake unakwenda mbio kuliko wangu. Nimemwanzishia soksi.

Padri Wincenty alikuja mwenyewe hapa nyumbani. Hakuketi. Akasema, "Genowefa, Novemba haijaisha. Nimrudishe Lucjan Jumapili?"

"Bado, padri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Alishusha pumzi lakini hakunikaripia. Watu wengine wanakaripia. Jana dukani mke wa Kukuła alisema nyuma yangu, "Anamngoja mtu wa jiwe." Otylia akamwambia sukari imekwisha, na gunia liko wazi nyuma yake. Akasisitiza, "Imekwisha, mama, jaribu mwezi ujao." Muoe huyo msichana kabla wengine hawajamwona.

Chumba kidogo sijakifungua tangu nirudi, na cherehani sijairudisha. Inanizuia njia jikoni, nagonga goti kila siku. Sitaki kuizungumza.

Sasa hicho kichwa. Otylia ameniambia una nyundo. Iweke chini. Uliniuliza kama ni yeye, na sikujibu kwa sababu ni yeye. Mdomo ule, zile nyusi, ule ulimi wa kishenzi anaomtolea kila mtu. Nilisikia kabisa atakavyosema, "Mama, umekuja na mto?" Ndiyo maana niliondoka. Ningebaki kidogo zaidi ningembeba.

Lakini kuna kitu hakikukaa sawa, na sikukijua ni nini mpaka treni imepita mto. Umemchonga wa miaka kumi na saba. Siyo kosa lako, ndivyo nilivyokueleza, mimi nilikupa mvulana. Nilikaa pale kwenye benchi nikajiuliza, Lutek ana umri gani? Nikahesabu kwa vidole, yule bwana wa mbele akadhani nasali. Ana miaka thelathini, Kajetan. Sisi tumekaa hapa tunamlilia mtoto, na yeye huko aliko ni mtu mzima. Au hayuko. Hilo silijui na wewe hulijui, wala padri.

Kwa hiyo nakuomba mawili. Injinia yule mpole alisema kuna nafasi inayotazama barabara ya stesheni. Mwombe hiyo. Mwambie mama amesema, na kama hatakubali nitakuja tena na bata mwingine.

La pili, kabla hamjampandisha, mzeeshe. Najua jiwe haliongezwi, linapunguzwa tu, lakini mikunjo si ni kupunguza? Mtie miwili mitatu pembeni mwa macho. Hapo juu ya paji punguza nywele, zianze kurudi nyuma kama za baba yako alipofika umri huo. Mashavu yatoe kidogo, hakuna aliyerudi kutoka kule na mashavu. Fanya polepole, usizidishe, siyo mzee. Mtazame mume wa Michalina ukija, umtazame na Bazyli.

Kwa sababu watu bado wanarudi. Na siku moja akishuka pale, akapanda ile barabara na kifurushi chake, na akainua macho kama wanavyoinua wote, sitaki amwone kijana ambaye ameshamsahau. Nataka ajione.

Mama yako,
Genowefa